Farasi Anayekubali Kuondoka Peke Yake

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na katika biashara ya farasi wa matembezi nimeiona methali hiyo ikitimia mwaka hadi mwaka. Farasi mtulivu, mwenye kwato ngumu, anayevuka mto bila kubembelezwa na kukubali kuondoka nyumbani akiwa peke yake, mara nyingi hatangazwi popote. Mwenyewe akitamka tu kwamba magoti yamechoka na hapandi tena kama zamani, wale wanaopishana naye njiani kila wiki huwa wameshamwomba kwamba siku akiuza, waambiwe wao kwanza. Farasi wa namna hiyo huhama kutoka zizi moja hadi jingine la karibu, na walio mbali hawapati hata habari.

Kwa hiyo kila ninapotafuta farasi, matangazo nayasoma mwisho. Mtu wa kwanza ninayemwendea ni fundi wa kwato. Huyu hupita kila zizi baada ya wiki 6 hadi 8, huinua miguu yote minne ya kila farasi, na anajua ni yupi anayesimama kwa adabu, yupi anayepokonya mguu, na yupi ambaye kwato zake hupasuka misumari ya viatu vya chuma ikipigwa. Hawezi kumsema vibaya farasi wa mteja wake, wala si haki kumlazimisha. Ila nikimwuliza, "Fundi, ungekuwa unamtafutia farasi dada yako aliyerudi kupanda baada ya kuanguka, ungeenda kumtazama yupi?" hujibu bila kusita, na majibu yake yamenifaa kuliko maelezo marefu ya wauzaji. Baada yake nawaendea wanaoongoza matembezi ya vikundi. Hao wamewaona farasi wa eneo lote katika saa ngumu: mvua inapiga, mbwa amechomoka kichakani, farasi wa mbele ameteleza na kuanguka. Wanakumbuka nani alisimama na nani alitimua mbio.

Faida kubwa ya kununua karibu ni kwamba naweza kurudi. Aliyesafiri mbali amekodi trela, ametumia mafuta na siku nzima, na hapendi kurudi mikono mitupu. Moyo wake huwa umeshaamua kabla macho hayajaona. Mimi naweza kwenda asubuhi tulivu, nikarudi siku nyingine jioni upepo ukivuma, kisha nikaomba kumwona tena akiwa amepumzika siku kadhaa bila kupandwa. Farasi anayetumikishwa kila siku huonekana mpole kwa sababu amechoka. Akipumzika, tabia yake hujitokeza, na farasi wa matembezi wa mtu mwenye kazi na familia ndivyo atakavyoishi: atapumzika wiki nzima, halafu Jumamosi atawekewa tandiko na kutarajiwa kuwa na akili timamu.

Hapo ndipo ninapoanzia, kabla hata sijamtazama farasi yeyote. Nauliza: atafanya kazi gani, na atambeba nani? Kanuni inayotumiwa sana ni kwamba mzigo wote, yaani mpandaji pamoja na tandiko na mifuko, usizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Mizani ya farasi si kila mtu anayo, lakini utepe wa kupimia unatosha. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele kwa sentimita, uzidishe kwa wenyewe, uzidishe tena kwa urefu wa mwili kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, kisha gawanya kwa 11,880. Farasi mwenye kifua cha sentimita 180 na urefu wa mwili wa sentimita 160 atakuwa na takriban kilo 436. Asilimia 20 yake ni kilo 87. Mpandaji wa kilo 80 akiweka tandiko zito la kilo 15 amekwishapita, hata kama farasi huyo anaonekana mrefu na mzuri. Milimani, au katika matembezi ya saa nyingi, mimi huacha nafasi zaidi ya hapo. Nimewaona watu wakitazama kimo tu, kumbe mgongo mfupi, kiuno kipana na mifupa minene ya miguu ndivyo vinavyobeba.

Kuhusu umri, nafsi yangu hutulia kwa farasi wa miaka 8 hadi 15. Chini ya hapo wengi bado wanajifunza dunia ilivyo, na anayewafundisha awe anajua anachofanya. Juu ya hapo kuna farasi wazuri mno, waalimu hasa, ila daktari aangalie viungo na meno kwa makini. Umri usio na karatasi husomwa kinywani. Meno ya mbele ya kudumu hukamilika farasi akiwa na miaka 5 hivi. Baada ya hapo kila mwaka unaoongezeka hupunguza uhakika wa anayekadiria. Kwenye jino la pembeni la juu hujitokeza mfereji mwembamba karibu na ufizi akiwa na miaka 10 hivi, hufika katikati ya jino kwenye miaka 15, na hukaribia ncha kwenye miaka 20. Si saa ya ukutani, lakini muuzaji akisema miaka 9 na mfereji umeshavuka nusu ya jino, kuna jambo la kuulizana.

Asili ya farasi nayo ina maana yake. Farasi wa Kiarabu wana mapafu na moyo wa safari ndefu, farasi wa Kimarekani waitwao Quarter Horse wengi wana utulivu na nguvu ya matako, na wale wa Iceland wana mwendo wao wa telki usiomtikisa mpandaji, neema kubwa kwa mwenye mgongo mbovu. Ila nimekutana na farasi wa Kiarabu mpole kupindukia na Quarter Horse mwenye kugutuka kila jani likitikisika. Mtazame aliyeko mbele yako. Jike au dume aliyehasiwa, wote wanafaa. Dume asiyehasiwa simshauri mtu yeyote anayepanda na kikundi. Rangi sina la kusema juu yake.

Siku ya kumtazama, naomba kwa simu jambo moja: farasi asikamatwe kabla sijafika. Nataka kumwona malishoni pamoja na wenzake. Anasimama wapi? Anafukuzwa na wote au anawafukuza wote? Mwenyewe akija na kamba, anageuza kichwa kumtazama au anageuza matako? Nikikuta ameshafungwa, ametandikwa, na jasho limekauka chini ya tandiko, basi kuna kazi aliyofanyishwa kabla ya mimi kuja, na nitauliza kwa upole ni kwa nini. Inawezekana jibu likawa jema kabisa. Inawezekana pia kwamba farasi huyo akiwa na nguvu zake zote hapandiki.

Halafu namwacha mwenyewe amsafishe, amtandike, ampande kwanza. Muuzaji akikataa kumpanda farasi wake mwenyewe bila sababu ya afya, mimi pia sipandi. Wakati anamtandika natazama masikio na mkia. Farasi anayebana masikio na kutaka kuuma mkanda wa tumbo unapokazwa huenda ana maumivu ya mgongo, au vidonda vya tumbo, au tandiko halimkai. Anayeitwa mkorofi mara nyingi anaumwa. Napitisha vidole pande zote mbili za uti wa mgongo kutoka mabegani hadi kiunoni, kwa mkandamizo wa wastani, na kungoja aseme. Manyoya meupe yaliyotawanyika pande za mabega, kwa farasi mwenye rangi nyingine, huwa ni alama za tandiko lililombana zamani.

Kwato nazipa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, maana farasi wa njia za mawe anaishi kwa kwato zake. Pete zinazozunguka kwato si ajabu. Lishe na misimu huacha alama. Lakini pete zikiwa zimeachana zaidi upande wa kisigino kuliko upande wa mbele, nafikiria uvimbe wa ndani ya kwato, ugonjwa unaotokana mara nyingi na majani mabichi yenye sukari nyingi au nafaka iliyozidi. Farasi aliyewahi kuugua anaweza kuishi vizuri, ila malisho yake lazima yapimwe maisha yake yote, na mnunuzi astahili kulijua hilo kabla ya kulipa. Naomba aongozwe kwa miguu kwenye ardhi ngumu, kisha mwendo wa matiti, yaani mbio ndogondogo, kwenda na kurudi. Hapo nasikiliza kuliko kutazama. Midundo iwe sawasawa. Kichwa kikipanda kila mguu mmoja wa mbele unapokanyaga, mguu huo unauma. Akitangulia kukanyaga kwa ncha badala ya kisigino, na hatua ni fupifupi, sehemu ya nyuma ya kwato inaweza kuwa na tatizo la kudumu.

Na utulivu uliozidi nao una maswali yake. Farasi aliyepewa dawa ya kutuliza huning'iniza mdomo wa chini na kichwa, macho hayafuatilii kinachopita, na miguu ya nyuma huburura kidogo. Dawa za maumivu kama fenilbutazoni hazionekani kwa macho. Huficha kuchechemea kwa siku kadhaa, kisha farasi aliyenunuliwa mzima anaanza kuchechemea kwenye zizi jipya. Ndiyo sababu daktari huchukua damu siku ya uchunguzi. Nchini Uingereza, kwa mfano, uchunguzi kamili wa kabla ya kununua una hatua 5, na damu ile huhifadhiwa kwa miezi 6 ili ipimwe iwapo shaka itatokea. Popote pale, mnunuzi anaweza kuomba damu ichukuliwe na kuwekwa. Muuzaji mkweli haoni tatizo.

Sasa njia yenyewe. Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima, na ndipo wanunuzi wengi wanapoharakisha. Farasi huzungushwa uwanjani mara chache, anageuka kushoto, anageuka kulia, anasimama, na watu wanapeana mikono. Uwanja unanionyesha kama ana breki na usukani. Haunionyeshi chochote kuhusu daraja la mbao, baiskeli inayoshuka kwa kasi nyuma yake, au mfuko wa plastiki ulionasa kwenye uzio.

Mimi huomba matembezi mawili. La kwanza tuwe na farasi mwingine, na tubadilishane nafasi: niongoze, nifuate, nikae katikati. Farasi anayetulia akiwa wa pili anaweza kushikwa na wasiwasi akiwekwa mbele, kwa kuwa sasa yeye ndiye mlinzi wa msafara. Mwingine hawezi kuvumilia kuachwa nyuma hata hatua chache. Anatafuna lijamu, anacheza kwa miguu, anavuta hatamu. Namwomba mwenzangu atangulie kwa shoti nyepesi, mimi nibaki nikitembea. Dakika hiyo moja hunieleza mengi. Tukifika kwenye maji, simsukumi. Namwacha ainamishe kichwa, anuse, afikiri. Farasi anayesita, akafikiri, akavuka, namheshimu kuliko anayerukia maji kwa hofu. Kwenye mteremko mkali nataka atumie matako yake, ashuke taratibu, asikimbilie chini kwa mabega.

La pili ni peke yetu, mimi na yeye, kuondoka zizini. Wanyama hawa wameumbwa kuishi kundini. Usalama wao ulikuwa kuwa wengi, macho mengi, masikio mengi. Kwa asili yake, farasi aliye peke yake ni chakula cha simba au mbwa mwitu. Kumwomba auache mlango wa nyumbani na kwenda na mtu mmoja tu mgongoni ni kumwomba atuamini kuliko silika yake. Wengine hulipa imani hiyo. Wengine hufika kona ya kwanza, mahali wasipoliona tena zizi, wakasimama kama waliopigwa misumari. Kona hiyo naisubiri kila ninapojaribu farasi. Akisimama, namwomba kwa miguu, kwa utulivu, bila fimbo. Akiendelea baada ya kufikiri, vizuri. Akigeuka ghafla kurudi, akapanda juu kwa miguu ya nyuma, nashuka na tunarudi kwa miguu. Farasi anayejisimamisha wima hatumiki kwa matembezi, nami simshauri mtu yeyote amnunue eti atamrekebisha. Wakati wa kurudi nyumbani napima jambo la kinyume chake: je, ananikubalia tutembee, au kila hatua anaharakisha? Naweza hata kupita mlango wa zizi na kuendelea kidogo upande mwingine. Wengi hawakulitarajia hilo, na hapo ndipo mazungumzo ya kweli huanza.

Njiani nashuka na kupanda tena, kutoka kwenye jiwe, upande wa kulia pia. Siku mtu atakapoumia mguu wa kushoto, au njia itakapokuwa nyembamba pembeni mwa genge, farasi anayekubali kupandwa upande wowote ni baraka. Nafungua geti nikiwa juu. Namfunga kwenye mti nikasogea kando. Mwisho wa kilima kirefu nasimama na kuhesabu mapigo ya moyo. Farasi aliyepumzika huwa na mapigo 28 hadi 44 kwa dakika. Baada ya kazi hupanda sana, jambo la kawaida, lakini kushuka kwake ndiko kunakosema habari. Mashindano ya mbio ndefu hutumia kipimo cha mapigo 64 kwa dakika. Farasi wa matembezi mwenye afya anayetembea na kupanda vilima vya kawaida nataka awe chini ya hapo baada ya dakika 10 au 15 za kupumzika. Akichelewa, anaweza kuwa amekosa mazoezi tu, au ana homa, maumivu, au tatizo la moyo au mapafu. Daktari ndiye atakayetenganisha.

Kuna farasi jike mmoja wa rangi ya kahawia niliyemjaribu kwa jirani wa bonde la pili. Alikuwa na kwato kama chuma, mgongo mzuri, hagutuki kwa gari wala pikipiki. Mwenyewe, mama mmoja mtu mzima, aliniambia kabla sijapanda, "Mwanangu, huyu hapendi kuachana na wenzake. Nimejaribu kwa miaka, ndivyo alivyo." Na kweli, kikundi kilipochukua njia ya kushoto nasi tukaomba ya kulia, alitetemeka mwili mzima. Mimi hupanda peke yangu siku nyingi, kwa hiyo nilimshukuru mama yule na kumwacha. Baada ya muda mfupi farasi huyo alinunuliwa na mume na mke ambao hawajawahi kupanda mmoja bila mwingine. Nimepishana nao mara nyingi. Farasi yule kwao hana kasoro hata moja. Tabia ile ile iliyomfanya asinifae mimi haikuwagusa wao. Tangu hapo swali la "farasi mzuri au mbaya" limenipungukia maana. Ninachouliza ni mzuri kwa nani, na ndicho ninachotamani kila muuzaji na kila mnunuzi wa maeneo yetu wakiweke mbele ya bei.

Ukweli wa mama yule ulifanya biashara iende haraka zaidi. Angeweza kunyamaza. Ningemlipa, ningempeleka farasi nyumbani, na ndani ya mwezi angekuwa amerudishwa au ameuzwa tena kwa hasara, akihama zizi baada ya zizi, na kila kuhama kunamwongezea hofu. Farasi anayepitia mikono mingi kwa muda mfupi huanza kubeba sifa mbaya ambayo hakustahili.

Nikiuza mimi, najaribu kuandika tangazo kwa namna ile ile aliyozungumza mama yule. Umri, kimo, uzito wa mpandaji anayemfaa, viatu vya chuma au kwato tupu, chanjo, mara ya mwisho meno kusuguliwa. Halafu yale anayoyafanya bila shida, na yale asiyoyapenda: hapandi trela bila subira, haelewani na farasi jike malishoni, anahitaji mpandaji mwenye mikono myepesi. Picha moja ya ubavuni akiwa amesimama sawa bila tandiko inatosha kuliko picha kumi za machweo. Video iwe ya njiani, isiyokatwakatwa. Wanaopiga simu hupungua, na wanaobaki wanajua wanachokuja kukitazama.

Akija mnunuzi, simpimi kwa mavazi wala gari. Namkabidhi kamba nikasema, "Karibu, mlete." Anavyomkaribia, anavyomgusa kwanza begani badala ya usoni, anavyongoja, vyote hivyo nimevisoma kabla hajapanda. Kisha naomba anieleze matembezi yake ya kawaida: anakwenda wapi, na nani, kwa muda gani, farasi atalala wapi na atakaa na nani. Farasi atakayewekwa peke yake bila mwenza hata mmoja simtoi. Mtu akiniambia anamnunulia mwanawe anayeanza, na farasi wangu ni mwepesi wa miguu na mwenye hamu ya kwenda, namjibu wazi: "Ndugu yangu, huyu hatamfaa kijana. Ngoja nikutajie mwingine nimjuaye." Wapo waliokasirika, wakidhani nimepata anayelipa zaidi. Wengi wao wamerudi kuzungumza nami baadaye tulipokutana njiani. Na hilo ndilo jambo la kuuza karibu: nitakutana nao. Nitakutana na farasi pia, nitamwona amenona au amekonda, anatembea sawa au anachechemea.

Kuna wanaosema kumkatalia mnunuzi mwenye fedha mkononi ni anasa ya mtu asiye na shida. Siwadharau, kulisha farasi ni gharama ya kila siku, anakula majani makavu yanayokaribia asilimia 2 ya uzito wake, kila siku ya Mungu, anapandwa au hapandwi. Mwenye dhiki anataka kuuza leo. Ninachowaambia ni waanze kutafuta mnunuzi mapema, kabla dhiki haijafika mlangoni, na wamwachie fundi wa kwato habari. Farasi anayeuzwa bila haraka hupata nyumba bora.

Bei hatuizungumzi kabla mtu hajapanda na daktari hajatazama. Daktari awe wa mnunuzi, asiwe yule anayemtibu farasi huyo kila siku, na muuzaji atoe ruhusa kumbukumbu zote za matibabu zisomwe. Kumkubali farasi bila hayo ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Daktari hasemi "mnunue" au "mwache"; anasema alichokiona na kinachoweza kutokea katika kazi unayokusudia. Farasi wa miaka 14 mwenye ugumu kidogo kwenye kifundo cha nyuma hawezi kuruka viunzi, lakini anaweza kukupeleka msituni kwa miaka mingi. Mnunuzi anayetaka farasi asiye na doa hata moja atatafuta mpaka achoke.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hata kwa jirani ninaandika. Hati iwe na maelezo ya farasi, alama zake, namba yenye tarakimu 15 ya chipu, kifaa kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi, kama anayo, kasoro zilizotajwa, tarehe, sahihi za pande zote. Tukikubaliana kipindi cha majaribio, tunaandika nani atalipa akiumia au akifa ndani ya kipindi hicho, nani anaruhusiwa kumpanda, na kwa hali gani anarudishwa. Mazungumzo haya ni mazito kidogo kwa marafiki. Yafanyike mapema, huku wote mkiwa na furaha. Fedha zilipwe zote kabla farasi hajapanda trela.

Anapoondoka hatoki mikono mitupu. Nampa mnunuzi majani na chakula chake cha wiki moja au zaidi, ili mabadiliko ya lishe yafanyike polepole kwa siku 7 hadi 10. Tumbo la farasi halipendi ghafla, na msokoto wa tumbo unaweza kumwua. Namshauri amtenge na farasi wengine kwa wiki 3 hivi, awaone ng'ambo ya uzio bila kugusana pua, na ampime joto kila siku. Joto la kawaida ni kati ya nyuzi 37.2 na 38.3. Hata farasi aliyetoka bonde la jirani anaweza kuleta ugonjwa wa tezi za koo ambao haujajionyesha bado. Na asimpande siku ya pili ili kuwaonyesha marafiki. Amwongoze kwa miguu, azungumze naye, wazijue njia mpya pamoja.

Baada ya wiki chache napiga simu, au napita. Mnunuzi mmoja aliniambia kwamba farasi aliyemtoa kwangu, dume aliyehasiwa mwenye roho ya dhahabu, sasa anakataa kuondoka zizini. Nilikwenda na farasi wangu mwingine. Tulimtazama akitandikwa, na mara tandiko lilipogusa mgongo aliuinamisha. Lilikuwa jipya, zuri, na jembamba mno kwa mabega yake. Tulitumia langu la zamani, tukatoka, akaenda mbele yetu wala hakusita. Mnunuzi alibadilisha tandiko, na shida ikaishia hapo.

Katika hati ya farasi huyo tulikuwa tumeandika kwamba siku yoyote mnunuzi akitaka kumwuza, ataniambia mimi kwanza. Miaka ilipopita, kazi ikamhamisha mbali, na alinipigia kabla ya kumwambia mtu mwingine. Sikuwa na nafasi ya kumchukua, lakini nilikuwa namjua binti wa fundi wa kwato, ambaye alikuwa amekua na kutafuta farasi wake wa kwanza, na anayempa mnyama muda wa kufikiri. Alimjaribu mara kadhaa, peke yake na pamoja nasi, baba yake akakagua kwato alizozishughulikia kwa miaka, daktari akapita, wakakubaliana. Kifungu kile sasa nakiweka katika kila hati ninayotia sahihi, niwe nanunua au nauza, na naomba kila ninayefanya naye biashara akiweke katika hati ya anayefuata.